Daftari la matumizi ya nyumbani: namna ninavyoliandika, na kwa nini sijahamia kwenye simu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mara nyingi wanaoambiwa hivyo ni wafanyabiashara, lakini naona methali hii inazihusu nyumba zetu zaidi. Mwenye duka asipoandika, rafu tupu zitamuumbua mapema. Nyumbani hakuna rafu. Kuna kipato kilichoingia, kuna wiki mbili tatu, halafu kuna swali la "hela imekwenda wapi?" ambalo kila aliyemo ndani ana jibu lake.

Kwetu tunaandika kwa kalamu na hatuna mpango wa kuacha. Programu za simu nimezijaribu, wala sizisemi vibaya: zinajumlisha zenyewe, zinachora chati, nyingine husoma ujumbe wa benki na kujaza kila kitu bila kuulizwa. Tatizo langu nazo ni hilohilo. Zinanifanyia kazi ambayo faida yake inapatikana ukiifanya mwenyewe. Kiasi nikikiandika kwa mkono wangu, nakutana na pesa ile mara ya pili, na safari hii bidhaa haipo mbele ya macho kunishawishi.

Kukutana huko kunahitajika zaidi kadiri noti zinavyopungua mikononi mwetu. Mwaka 2001 watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi walishindania kwa mnada tiketi za mpira wa kikapu. Baadhi waliambiwa mshindi atalipa taslimu, wengine kwa kadi. Wa kadi walitaja viwango vilivyofika karibu maradufu ya wenzao. Tiketi ni zilezile. Kilichobadilika ni njia ya kulipa tu. Sasa fikiria nyumba ambayo karibu kila kitu kinalipwa kwa kubonyeza simu.

Tuje kwenye daftari lenyewe. Yale yaliyochapishwa mafungu tayari, yenye maua pembeni, siyapendi. Mafungu yake yalipangwa kwa maisha ya mtu mwingine: utakuta mistari minne ya kitu usichonacho, na hakuna hata mmoja wa kile kinachomeza kipato chako. Daftari la kawaida lenye jalada gumu, rula na kalamu ya wino vinatosha. Wino, si penseli, kwa sababu tarakimu inayofutika hufutwa.

Kila mwezi unapata kurasa mbili zinazotazamana kwa ajili ya mpango na majumlisho, kisha kurasa chache za kuandika matumizi ya siku kwa siku. Juu kabisa naandika kipato. Kinachoandikwa pale ni kilichokwisha kufika, baada ya makato yote. Deni ambalo fulani amesema atalirudisha wiki ijayo, au posho inayosemekana iko njiani, havina nafasi kwenye ukurasa huo. Mwenye kipato kisicho na tarehe, kama fundi au mwenye biashara ndogo, namshauri aendeshe mwezi huu kwa pesa iliyoingia mwezi uliopita. Kufika hapo kunachukua muda, maana inabidi uwe umetangulia mwezi mzima. Kabla hujafika, panga kwa kipimo cha mwezi dhaifu kuliko yote ya karibuni, usipange kwa wastani. Ipo miezi iliyo chini ya wastani, na hiyo ndiyo inayompeleka mtu kukopa.

Chini ya kipato yanafuata mafungu, kila fungu na safu tatu: kilichopangwa, kilichotumika, tofauti.

Mafungu yawe mangapi? Mwaka 1904 mwandishi wa habari wa Kijapani, Hani Motoko, alitoa daftari la hesabu za nyumbani ambalo Wajapani huliita kakeibo, na utaratibu huo umeenea duniani. Kama unavyofundishwa siku hizi una mafungu manne: ya lazima, ya kutamani, ya utamaduni na kujielimisha, na yasiyotarajiwa. Hilo la tatu nalipenda sana, kwa kuwa kitabu au kozi haviwekwi kapu moja na starehe. Ila kwa nyumba yenye watoto manne ni machache mno. Ukiandika "ya lazima" peke yake, sehemu kubwa ya pesa itafichwa chini ya neno moja na hutajua umeme umepanda au nauli ndiyo iliyopanda. Nane hadi kumi na mbili yanatosha. Zaidi ya hapo utachoka kabla ya mwezi kwisha.

Lipo fungu moja la kulichunga kuliko yote: "mengineyo". Kila nyumba inalo na linahitajika, lakini huota mizizi. Likishaanza kushindana kwa ukubwa na mafungu yenye majina, lifungue, tazama ndani yake nini kinajirudia, ukipe jina na mstari wake. Kwetu kilichojitokeza humo ni ada za miamala. Moja moja hazionekani. Zikijumlishwa zinatosha kubadili namna mtu anavyotuma pesa, kwa mfano kutuma mara moja badala ya mara nne.

Utasikia pia kanuni ya 50, 30 na 20, iliyoenezwa mwaka 2005 na Elizabeth Warren, wakati huo profesa wa sheria Marekani, na binti yake Amelia Warren Tyagi: nusu ya kipato baada ya kodi kwa mahitaji, asilimia 30 kwa unavyopenda, 20 kwa akiba na kulipa madeni. Ni kipimo kizuri cha kujitazama, si sheria. Ambaye pango na chakula tu vinakula asilimia 75 ya kipato chake hana sababu ya kujiona mzembe kwa kuwa tarakimu hazikukaa sawa.

Mgeni anayekuja na tarehe yake

Nikiulizwa kitu kimoja tu cha kubeba kutoka kwenye makala hii, nitataja ukurasa wa nyuma kabisa wa daftari letu. Hapo tumeorodhesha kila gharama isiyokuja kila mwezi: ada za shule, bima, ukarabati, leseni, nguo za watoto wanaokua, sherehe zenye tarehe inayojulikana. Watu huziita dharura. Ada ya shule si dharura. Tarehe yake iko kwenye kalenda tangu mwaka haujaanza. Nyumba nyingi zinazolia kwamba bajeti imeshindikana hazijashindwa na matumizi ya kila siku, zimepigwa na hizi.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Gharama ya 240 kwa mwaka, kwa sarafu yoyote unayotumia, ni 20 kwa mwezi. Kama imebaki miezi sita kabla ya tarehe, basi ni 40. Jumlisha mafungu yote ya namna hiyo upate kiasi kimoja cha mwezi, ukiandike kwenye mpango kama bili na ukitoe siku kipato kinapoingia, kabla ya kitu kingine. Pesa ile ikae mahali tofauti na ya matumizi. Ikikaa pamoja nayo italiwa, hata kama daftari linasema imehifadhiwa.

Mara ya kwanza kuifanya hesabu hii jumla hutisha. Wengine huona haiwezekani na kufunga daftari. Usilifunge. Gharama zile zitakuja uziandike usiziandike. Ukiona huwezi kuzitengea zote, chagua mbili zenye madhara makubwa uanze nazo, na nyingine zijue kwa tarehe ili zisikukute ukiwa mikono mitupu na umeshangaa.

Kuhusu kuandika kila siku sina mengi. Andika siku ileile, kiasi na kitu, mstari mmoja. Risiti weka ndani ya jalada mpaka jioni. Ukisahau siku mbili, usikae unabuni.

Kinachoniokoa kwenye kusahau ni kulinganisha salio, jambo ambalo wahasibu hulifanya kila siku na nyumbani halifanywi kabisa. Chukua pesa uliyoanza nayo wiki, ongeza iliyoingia, toa iliyoandikwa kuwa imetumika. Jibu linapaswa kuwa sawa na taslimu iliyopo, pamoja na salio la simu na la benki. Lisipolingana, ile tofauti iandike kwa jina lake: "haijulikani". Sipotezi jioni nzima kuisaka. Lakini naitazama inavyokwenda wiki kwa wiki, na ikianza kukua najua nani amechoka kuandika, mara nyingi bila kumuuliza.

Mwisho wa wiki tunasoma. Dakika chache tu, kalamu mkononi. Safu ya tofauti ndiyo inayosomwa, na pembeni yake tunaandika sababu kwa maneno mawili matatu: "wageni", "bei imepanda", "nilikuwa nimechoka sikupika". Maneno hayo yana thamani kuliko tarakimu. Fungu lililopitiliza kwa sababu bei imepanda halitibiwi kwa kujibana. Mpango wenyewe ndio uliopitwa na wakati na unapaswa kuandikwa upya. Fungu lililopitiliza kwa uchovu linahitaji dawa nyingine, pengine kupika mapema siku ya mapumziko. Tarakimu peke yake isingekuonyesha tofauti kati ya hayo mawili. Likipitiliza kwa sababu ileile miezi mitatu mfululizo, mimi huliongezea na kupunguza pengine, maana hapo mpango ni ndoto tu.

Mkiwa wawili

Daftari la mmoja kati ya wawili huwa faili la mashtaka. Anayeandika anajua kila kitu, asiyeandika anaulizwa kila kitu, na baada ya muda ataanza kuficha risiti. Sisi linakaa mahali pa wazi, kila mtu anaandika alichotumia yeye, na kikao cha wiki hakifanyiki usiku wa manane wala siku ambayo tayari tumekwaruzana. Kila mmoja ana kiasi chake ambacho kwenye daftari ni mstari mmoja tu, hatoi maelezo. Kiwe kidogo, sawa, lakini kiwepo. Mtu mzima anayelazimika kueleza kila senti ataongopa, na daftari lenye uongo halina kazi.

Watoto wakubwa waketi nanyi mara mojamoja. Hawahitaji kujua mshahara wa mzazi ili waelewe kwamba kuna fungu limebaki dogo.

Madeni yanataka ukurasa wake: unadaiwa na nani, kiasi gani, riba, tarehe ya rejesho, kilichobaki baada ya kila malipo. Upande wa pili andika mnaowadai. Orodha hiyo ya pili huwa na majina ambayo moyoni unajua hayatalipa. Yaache pale, ila usiyahesabu kama pesa. Namba za siri za benki au simu zisiandikwe humo hata kwa mafumbo, kwa kuwa daftari linaweza kupotea, na hilo ni pungufu lake kubwa. Mimi hupiga picha kurasa mbili za mwezi zikishajumlishwa. Hapo ndipo simu inapopata kazi.

Na kipato kikiwa kidogo kuliko mahitaji, kalamu haitakiongeza. Daftari litakuonyesha pengo ni la kiasi gani na linaanza tarehe ngapi. Ukijua hivyo unaweza kuzungumza na mwenye nyumba au anayekudai kabla ya tarehe, ukiwa na kiasi unachoweza kulipa kweli. Mazungumzo ya namna hiyo huenda vizuri zaidi yakifanyika mapema kuliko baada ya kukosa rejesho la kwanza.

Daftari likijaa usilitupe. Unapofungua jipya, anza na ukurasa ule wa nyuma: nakili gharama zote za mwaka pamoja na kiasi halisi kilicholipwa, si kile mlichokisia, kisha gawa kwa 12.