Uliza Ujibiwe: "Mshenzi" limeanzia wapi?

SWALI: Habari za kazi. Juzi nilimtania mdogo wangu "we mshenzi kweli", bibi akasikia akanifokea, eti hilo neno walitukanwa nalo babu zetu. Mtaani tunaitana hivo kila siku na hakuna anayenuna. Bibi ana maana gani? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Bibi yuko sahihi, tena kwa mtu wa Tabora ndo kabisa. Karne ya 19, enzi za misafara ya pembe za ndovu na watumwa, watu wa pwani walikuwa na mafungu yao: muungwana ni aliyezaliwa huru, anaswali, ana kanzu yake, afu mshenzi ni mtu wa bara asiye Mwislamu, hata awe mpole na mkarimu vipi. Yaani Mnyamwezi anabeba mzigo mpaka Bagamoyo, hajamkosea mtu, anaitwa mshenzi kwa kutoka kwao tu. Ukisoma Desturi za Wasuaheli ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, ya 1903, washenzi wanatajwa kawaida tu kama jina la kundi.

Ila jina lenyewe ulikuwa unaweza kulivua, na hapa ndo panapochekesha, maana wapagazi wa bara hukohuko, hata waliokuwa watumwa, wakishashika Kiswahili na kanzu wakajiita waungwana, wakaanza na wao kuwaita wenzao washenzi! Waliofika mashariki ya Kongo na kina Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, ndo chanzo cha jina Kingwana, Kiswahili cha kule.

Wazungu nao wakalidaka. Kwa masetla wa Kenya mbwa koko ni shenzi, kitu kibovu ni shenzi, na Mwafrika hakusalimika. Hapo mambo ya dini yakatoka, ikabaki dharau tupu.

Siku hizi limehamia kwenye tabia, anayekula hela ya mchango wa msiba ni mshenzi, awe wa Tanga au wa Kigoma. Nyie mnaojuana tanianeni tu, ila mbele ya wazee mi ningelimeza, na mtu wa pwani kumwambia wa bara asiyemjua ndo asijaribu kabisa.

Cha ajabu, bibi akikusifia "mjukuu wangu mstaarabu" hafoki mtu, wakati ustaarabu umetoka kwenye Kiarabu, kushika mwenendo wa Waarabu, na hukohuko pwani ndo ulikuwa kinyume cha ushenzi.