Maswali yenu ya matembezi: fulana tena?

Tangu nigusie matembezi ya Morogoro hadi Dodoma ya kuwachangia wapiganaji wetu waliojeruhiwa vitani, yatakayoingia mjini Julai 25, Siku ya Mashujaa, simu yangu haijapoa. Nimechagua machache.

Fulana zitagawiwa lini, na ni za rangi gani? (Area C)

Hili ni swali la 19 la fulana. Vaa uliyonayo.

Kutembea ni kutembea tu, mazoezi ya nini? (Kikuyu)

Ni karibu km 260, ndugu yangu. Ukienda km 25 kwa siku, utakuwa barabarani siku 11. Wanaotamba kumaliza kwa siku tano wameipima njia wakiwa dirishani mwa basi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, na kijana Seti Benjamin akafia njiani kwenye matembezi ya kuunga mkono Azimio hilohilo. Anza mazoezi leo. Na utembee upande wa kulia, uyaone malori yanayokuja.

Nimenunua raba mpya, nimezitunza kwenye boksi nizivae siku ya kuondoka. Nimefanya vizuri? (Kibaigwa)

Hapana! Nimeandika hili mpaka wino umeniishia. Zitoe kwenye boksi uende nazo sokoni, kanisani, msikitini, kwa wiki sita. La sivyo, Dumila hufiki, utakuwa umezishika mkononi. Ukipata lengelenge usilichune ngozi. Osha, funika, badili soksi.

Shikamoo mwalimu. Baba ana miaka 68, alikatwa mguu kwa majeraha ya Vita vya Kagera. Anataka kutembea, sisi watoto tunamkatalia. Tufanyeje? (Chamwino)

Marahaba mwanangu. Huyo alikwenda vitani bila kuwaomba ruhusa, na leo mnamkatalia barabara ya lami?

Lakini hofu yenu ina msingi, ila mnaangalia pasipo. Mnaogopa pumzi yake, wakati wa kuogopewa ni kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki. Asubuhi mguu wa bandia unakaa sawasawa. Mchana kigutu kimenywea, mguu unacheza, jasho linaingia, ngozi inachubuka. Kidonda cha hapo kinamweka mtu kitandani wiki kadhaa.

Niliwahi kukaa na mzee mmoja Chang'ombe, chini ya mwarobaini. Alifungua mikanda ya mguu wake wa bandia, akavua soksi tatu, moja baada ya nyingine. Ya ndani kabisa ilikuwa mkono wa sweta kuukuu, ncha imeshonwa kwa uzi mweusi. Mkanda mmoja ulishakatika, kaufunga kwa mpira wa baiskeli. Nikamuuliza tumsaidie nini. Akajibu, "Soksi. Na mkanda." Kisha akaanza kuuvaa tena, taratibu, kama mtu anayefunga mzigo wa mbali.

Basi mpelekeni kwanza kwa fundi wa viungo bandia. Atembee km 2 za mwisho, gari likiwa nyuma yake, mfukoni ana soksi safi, na kila kituo kigutu kikaguliwe. Asisukumwe mbele na bango apigwe picha kama hataki. Na msidhani hili ni la wazee wa Kagera peke yao: shambulio la Semuliki, DRC, Desemba 2017, liliua walinda amani wetu wasiopungua 14 na kujeruhi wengi. Majeruhi wa pale bado wana miaka mingi ya kuishi na majeraha hayo.

Atakayefika wa kwanza atapewa nini? (Gairo)

Maji. Mwaka 2013 wanajeshi waliojeruhiwa kutoka Uingereza, Marekani na nchi za Jumuiya ya Madola walianza kushindana kwenda Ncha ya Kusini. Njia ikawa ngumu, wakafuta mashindano, wakafika wote pamoja. Wewe na pumzi zako za Gairo unataka kombe?

Nimetumiwa namba ya simu ya mtu nichangie. Nitume? (Nzuguni)

Usitume. Mchango uende kwenye akaunti ya kikundi, yenye watia saini zaidi ya mmoja, na risiti udai.

Naweza kujiunga Ihumwa tu, nipate picha za kuingia mjini? (Ilazo)

Karibu. Ila changia kama uliyeanzia Morogoro.