Rada Huonaje Chini ya Ardhi ya Mirihi?

SWALI: Mhariri, huku Likoni tunachimba visima katika mwamba wa matumbawe bila kujua kama tutapata maji matamu au ya chumvi. Nimesoma kwamba gari la Perseverance hutazama chini ya ardhi ya Mirihi bila kuchimba. Je, chombo hicho hakiwezi kutufaa? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ndugu msomaji, gari hilo, lililotua katika kreta ya Jezero Februari 2021, limebeba rada iitwayo RIMFAX, iliyoundwa nchini Norwe. Antena yake, iliyofungwa nyuma ya gari takriban sentimita 60 kutoka ardhini, hupeleka mawimbi ya redio chini. Yanapokutana na tabaka lisilofanana na lile la juu yake, sehemu ya mawimbi hayo hurudi, na muda wa kurudi ndio unaowawezesha wanasayansi kukadiria kina, ambacho huweza kuzidi mita 10. Ndivyo walivyothibitisha kuwapo kwa matabaka ya mashapo yaliyotuama katika ziwa la kale, na kwa maoni yangu hakuna picha ya juu ya ardhi inayolingana na ushahidi huo.

Mirihi ni kavu na baridi, hivyo mawimbi hupenya vizuri. Kwenu, rada kama hiyo ingepita katika matumbawe makavu, lakini maji ya chumvi yanayopenya kutoka baharini hupitisha umeme na kuyameza mawimbi. Kwa kisima, mtafuteni mtaalamu apime ukinzani wa umeme wa ardhi, kwa kuwa kipimo hicho husaidia kutofautisha maji matamu na ya chumvi kabla ya kuchimba.