Kabla hujaandika petrichor

Nahariri maandishi ya Kiingereza ya vijana, na siku hizi kuna nomino moja adimu ninayokutana nayo mara kwa mara: petrichor. Ni tamu masikioni, ndiyo maana wengi wanaichomeka popote mvua inaponyesha.

Maana yake ni ile harufu inayopanda mvua inapogusa ardhi iliyokaa kavu kwa muda mrefu. Hapo kwenye ukavu ndipo watu wanapokosea. Kijana mmoja aliniletea hadithi ya Dar es Salaam katikati ya masika. Mvua imepiga wiki nzima, mitaro imefurika, kisha mhusika anafungua dirisha na kuvuta petrichor. Haiwezekani, ardhi imeshalowa chepechepe. Nilimshauri aihamishie Dodoma, mvua za kwanza baada ya kiangazi, matone mazito yanapotua kwenye vumbi na kuacha vishimo vidogo njiani. Neno likakaa mahali pake.

Waliolibuni ni watafiti wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, katika jarida la Nature mwaka 1964. Waliunganisha maneno ya Kigiriki: petra, yaani jiwe, na ichor, majimaji yanayopita kwenye mishipa ya miungu badala ya damu. Wao hasa walikuwa wakitaja mafuta yanayojikusanya kwenye mawe na udongo wakati wa ukame, na baadaye wakaonyesha kwamba mafuta hayo huchelewesha mbegu kuota. Mimi hili linanigusa sana: neno limebeba kiangazi kizima ndani yake. Katika harufu hiyo kuna pia jiosmini, kemikali ya bakteria wa udongoni, ndiyo hiyo hiyo inayompa kambale ladha ya tope ambayo wapishi huikata kwa ndimu.

Kwenye matumizi, ch itamkwe k, kama katika chemistry. Usiweke a mbele yake wala s nyuma yake. Ukiandika “the smell of petrichor” umesema harufu ya harufu. Mimi huifuta na kuacha “petrichor rose from the road”. Usisimame kulifafanua. Tangulize joto, vumbi na wingu, na msomaji asiyelijua atalipata mwenyewe. Mara moja katika hadithi yatosha. Kwenye ripoti au barua ya kazi, andika tu “the smell of rain”.