Madogo, yangeyange sio shuka

Jumamosi nimewapeleka madogo watatu bwawa la Mtera kujifunza kupiga picha za ndege, tumetoka Iringa saa kumi usiku kwenye gari la kuazima, tunafika bwawani jua ndo limetoka, mwari kibao, yangeyange kibao, mnandi kakaa kwenye gogo kaanika mabawa, yani raha tupu. Saa nne tuko kivulini tunakunywa chai, nikasema leteni kamera nione. Aisee. Yangeyange wote weupe pee kama shuka lililolowekwa Jiki, unyoya hata mmoja hauonekani, na kila kilichopita angani ni kivuli cheusi, hujui ni tai au ndege ya abiria. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana makosa yale yote nimeyafuga mwenyewe.

Kwa iyo haya, kwa hao watatu na wenzao wanaokuja.

1. Mita ya kamera, ile inayopima mwanga, ni mtiifu lakini haina akili. Inataka kila kitu kiwe kijivu, basi. Yangeyange kadogo katikati ya maji meusi, mita inaona giza, inaongeza mwanga, ndege anaungua, yani weupe unameza manyoya, hapo shusha stopu moja au moja na nusu (stopu moja ni kupunguza mwanga nusu, au kuuzidisha mara mbili). Furukombe akipita juu kwenye mawingu meupe inakuwa kinyume, mita inabana na tai anageuka mkaa, hapo pandisha moja na nusu hadi mbili, anga ikiungua we iache, hukufuata anga. Dogo mmoja kaniuliza "sasa kaka, mweupe nashusha au napandisha?" Mdogo wangu, angalia nyuma yake kuna nini na amejaa kiasi gani kwenye fremu! Mweupe akijaa fremu nzima hesabu inageuka, unapandisha.

2. Ukigusa plasi na mainasi, ile ya kupandisha na kushusha mwanga, ukimaliza rudisha sifuri. Hii nawaambia kwa uchungu.

Mwaka wangu wa pili na kamera niliazima lenzi ndefu ya rafiki, nikaapa na jina la mama yangu kwamba haitapata hata mkwaruzo, nikapanda kutoka Chimala kwenye zile kona 57, mapaja yamebana begi la lenzi kama mtoto mchanga, nikalala Matamba na soksi mbili mbili. Asubuhi tuko hifadhi ya Kitulo na mzee mmoja anayejua kila bonde la kule. Ukungu, yani ukungu kweli, huoni hatua ishirini. Nikafanya kitu cha akili, nikapandisha mbili, maana kwenye ukungu mita lazima ikudanganye. Mbayuwayu buluu katua kwenye waya, nikampata vizuri tu, nikajiona fundi.

Sasa kwenye saa mbili na nusu ukungu ukanyanyuka wote kwa mkupuo, jua likapiga nyasi, na pale mbele, sio mbali, tandawala wa Denham dume, ndege mkubwa wa nyasini. Kwa ambaye hajamuona akitongoza, anajaza hewa shingo na kifua mpaka anakuwa na puto jeupe kubwa, halafu anatembea taratibu kama bwana harusi aliyeambiwa asikanyage zulia. Mzee kanishika bega, kanong'ona "piga." Nikapiga. Nikapiga picha 214. Vidole vimekufa ganzi, jua linapiga kwenye skrini, nikichungulia naona ndege na nyasi, nasema safi, naendelea. Histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, sikufungua. Ile alama ya kumwekamweka sehemu zilizoungua nilikuwa nimeizima kwa sababu ilikuwa inaniudhi. Na kwa kubana nafasi kwenye kadi, nilikuwa napiga JPEG, picha ambayo kamera imeshaibana.

Plasi mbili za ukungu bado ziko pale pale, jua lote lile.

Tumeshuka Matamba, tumekaa ndani ya mgahawa, nikampa mzee kamera kwa mbwembwe. Kaangalia. Kaisogeza mbali, kairudisha karibu. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Huyu ndege, shingo yake iko wapi?" Mbele ya nyasi kulikuwa na mwili wa kahawia unaoshikilia mfuko wa rambo. Zote 214 hivyo hivyo. Nyumbani nikakaa na kompyuta usiku mzima navuta mwanga chini, lakini kilichoungua kwenye JPEG hakirudi, puto likatoka tu kwenye weupe likawa rangi ya uji. Nimerudi Kitulo mara tatu tangu hapo. Mara ya kwanza mvua, ya pili ukungu haukutoka, ya tatu nikamkuta dume, kanipa mgongo mpaka akapotea bondeni. Lenzi lakini niliirudisha bila mkwaruzo.

3. Jua likiwa kali na halibadiliki, achana na mita, weka M, yani unapanga mwanga mwenyewe. ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 400, tundu la lenzi f/8, kasi ya shata 1/1600 ya sekunde, mweupe sana peleka 1/2500. Hapo ndege atoke mtini aingie angani ekspoja, yani kiasi cha mwanga kwenye picha, haiyumbi. Wingu likipita, anza upya, usinung'unike.

4. Piga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijatupa kitu. Usibane kadi kama mimi.

5. Anayeruka, shata isipungue 1/1600, na ISO ikipanda isikutishe, chengachenga zake zinasafishika, ukungu wa mkono hausafishiki.

6. Saa tano mpaka saa tisa nenda kale. Mnadhani natania, ila mwanga wa utosini unamkata ndege nusu, mgongo unang'aa, tumbo giza, na wewe umeungua shingo bure.

7. Mweusi na mweupe wakikaa pamoja, okoa mweupe, mweusi utamfungua baadaye kwenye kompyuta. Hii ndo nilimwonyesha yule dogo wa swali, baada ya chai, mnandi na yangeyange kwenye gogo moja, kashusha, kaangalia histogramu, kashusha tena kidogo. Nikaivuta ile picha karibu nikaona manyoya ya mgongo ya yangeyange, yale membamba kama nyuzi, moja moja. Dogo kafurahi mpaka kamwaga chai. Akaniuliza, sasa zile za asubuhi nifute? Nikamwambia futa, ila bakiza moja ya shuka. Mimi yangu ya rambo bado ninayo.