Ukikipasha kinasinyaa. Ukikibana je?

Wiki iliyopita niliandika kwamba si kila kitu hutanuka kikipata joto, vipo vinavyosinyaa. Simu haikupumzika. Maswali mengine yalifanana, nimeyaunganisha.

"Mwalimu, nachoma matofali hapa Ipuli, Tabora. Tofali likitoka tanurini limepungua. Ndiyo hayo uliyosema?"

Hapana, ndugu yangu. Tofali lako limepoteza maji na chembe za udongo zimeshikana. Likipoa halirudi lilivyokuwa, kama vile dagaa aliyekauka juani asivyorudi kunenepa jioni. Mimi nazungumzia kitu kinachopungua kikipashwa, na kikipoa kinarudi kwenye kipimo chake, hata ukirudia mara mia.

"Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano, Ujiji. Tunafundishwa kwamba joto huzidisha mtikisiko wa atomu. Zikitikisika zaidi zitasogeleanaje?"

Marahaba, mwanangu. Watazame watoto wawili wanaozungusha kamba ya kuruka. Kamba ikiwa imenyooka, wamesimama mbalimbali. Wakianza kuizungusha kwa upana inabidi wasogeleane, maana kamba haikuongezeka urefu.

Upo unga mweupe uitwao tungsteti ya zirkoni. Ndani yake atomu ya oksijeni imekaa kati ya zirkoni na tungsteni, kama hiyo kamba. Joto likipanda, oksijeni inayumba kwa ubavu na kuwavuta majirani zake ndani. Mwaka 1996 Arthur Sleight na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, walionyesha kwamba unga huo husinyaa sawasawa pande zote, kuanzia karibu kabisa na nyuzi 273 chini ya sifuri hadi kupita nyuzi 700. Usidhani ni kusinyaa kwa kuonekana kwa macho: fimbo yake ya mita moja ikiongezewa nyuzi 100, kinachopungua hakifiki milimita moja.

"Nina karakana Mwanga, Kigoma. Kitu cha namna hiyo ukikitia kwenye presi ukakibana, si kitazidi kuwa kigumu?"

Swali hili ndilo lililonifanya niandike leo. (Kamusi za fizikia husema kanieneo, mtaani tunasema presha, mimi nitasema shinikizo.)

Vitu vingi hufanya unavyofikiri wewe. Waulize wanaofunga marobota ya tumbaku huko Tabora: mwanzoni robota linashuka bila shida, mwishoni mtu anatoka jasho. Lakini chomoa ujiti mmoja kwenye ufagio wa chelewa, usimamishe mezani, uubonyeze juu kwa kidole. Ukiwa umenyooka unakataa. Ukishapinda kidogo tu, umekubali, na kila ukibonyeza unazidi kuwa laini. Vile viungo vya oksijeni ndivyo vilivyo. Nafasi tupu inayoiwezesha oksijeni kuyumba ubavuni kwa joto ndiyo hiyohiyo inayoruhusu viungo kupinda kwa shinikizo. Kwa hiyo vitu vya jamii hii, vingi vyao, hulegea kadiri unavyovibana, na mtu aliyezoea chuma lazima ashangae.

Ukifikia kama mara 2,000 ya shinikizo la hewa, tungsteti ya zirkoni haivumilii tena. Inajikunja na kuwa umbo jingine, dogo kwa asilimia 5 hivi. Umbo hilo bado husinyaa kwa joto, ila kwa kama sehemu moja tu ya kumi ya mwanzo. Ukiachia presi, linabaki limejikunja. Upashe moto kupita nyuzi 120 hivi, ndipo linafunguka na kurudi. Hapo utaona kioja: kitu kilichopata sifa kwa kusinyaa, kinapashwa moto kinavimba! Ukiendelea kubana, kati ya mara 15,000 na 35,000, atomu zinapoteza mpangilio wake kabisa na kuwa shaghalabaghala kama za kioo.

Hili limewahi kuwatibua wahandisi. Walichanganya unga huo na shaba ili kutanuka kwa mmoja kufutwe na kusinyaa kwa mwingine. Hesabu safi kwenye karatasi. Shaba ilipopoa kutoka tanurini ikajikaza na kuzibana punje za ndani, nyingine zikajikunja, hesabu ikavurugika.

"Nimesikia mpira nao husinyaa kwa joto. Mbona tyubu ikiachwa juani haipungui?" (fundi baiskeli, Ng'ambo, Tabora)

Lazima kwanza uvutwe. Kata utepe wa tyubu upana wa kidole, uning'inize kwenye msumari, ufunge jiwe chini mpaka urefu ukaribie mara mbili. Weka alama ukutani usawa wa jiwe, kisha mwagia utepe maji ya moto. Jiwe litapanda, kidogo lakini litapanda. Nilipofanya nyumbani, wajukuu walinimalizia maji ya chai.

Sasa uvute utepe kwa ghafla na uuguse mdomoni: una joto. Uachie: umepoa. Kinachosinyaa kikipashwa, ukikivuta hupata joto. Na kubana ni kinyume cha kuvuta, kwa hiyo ukikibana ghafla hupoa. Hata maji ya nyuzi 2 hufanya hivyo, maana nayo husinyaa yakipashwa.

"Wanasema chini kabisa ya ziwa maji ni nyuzi 4. Kweli?" (mvuvi, Kibirizi)

Si ziwa letu. Maji husinyaa yakipashwa kutoka nyuzi 0 hadi 4, kwa hiyo katika nchi za baridi maji ya nyuzi 4 ndiyo mazito yanayozama. Tanganyika haipati baridi ya namna hiyo. Chini, kwenye kina cha mita 1,470 hivi, ni kama nyuzi 23. Shinikizo la huko linakaribia mara 145 ya hewa, na bado maji hubanwa kwa chini ya asilimia 1. Ukiudondosha huko ule unga wa Oregon hautajikunja. Ungehitaji kama maziwa 14 yaliyopandana.

Na hata hiyo nyuzi 4 si amri. Kila mara 100 ya shinikizo la hewa huishusha kwa takriban nyuzi 2.

"Mimi ni mstaafu wa reli, Tabora. Kwa nini wasitengeneze reli isiyotanuka?"

Shikamoo mzee. Vitu kama ule unga ni kauri, jamii ya vyungu na vigae; behewa moja lingezisaga. Pande la reli la mita 12 likiongezewa nyuzi 30 hutanuka milimita 4 na kidogo, na mwanya wa kuipokea hiyo milimita 4 haugharimu kitu. Ule mlio wa ta-ta, ta-ta uliokulaza usingizi miaka yote hiyo kwenda Kigoma ulikuwa mwanya wenyewe.