Kongo ni ya 11 au ya 12? Kupima ukubwa wa nchi kwa rula na karatasi

Ujumbe wa juma hili umefika Bukavu kutoka kwa mwanafunzi wa Lubumbashi anayejiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari: "Mwalimu, kitabu cha baba cha wakati wa Zaïre kinasema sisi ni wa 11 duniani kwa ukubwa. Kitabu cha shule kinasema wa 12. Simu inasema wa 11. Nishike kipi?"

Mdogo wangu, vyote vitatu vilisema kweli, kila kimoja kwa wakati wake. Umoja wa Kisovieti ulipokuwa bado nchi moja, Zaïre, jina la zamani la nchi yetu ya Kongo ya Kinshasa, ilikuwa ya 11. Ulipovunjika Desemba 1991, Kazakhstan ikatoka na kilomita za mraba 2,724,900, ikakaa mbele yetu, nasi tukashuka hadi nafasi ya 12. Tarehe 9 Julai 2011 Sudan ikagawanyika. Ilikuwa na kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.5, kubwa kuliko nchi zote za Afrika. Basi Algeria ikawa ya kwanza barani, sisi wa pili, na duniani tukarudi 11. Kongo yenyewe haikusogea hata mita moja. Kabla ya kukariri orodha yoyote, tazama kwanza mwaka ambao kitabu kilichapwa. Mtihanini andika 11.

Tena angalia koma. Darasani kwetu eneo la Kongo, kwa kilomita za mraba, tunaliandika 2.345.410 kwa nukta, tulivyorithi kwa Wabelgiji. Kurasa nyingi za intaneti, na ndugu zetu wa Kenya na Tanzania, huandika 2,345,410, nami hapa nafuata hao. Mwenye haraka huidhania koma hiyo desimali, na Kongo inabaki na kilomita elfu mbili na kitu, ndogo kuliko Ziwa Kivu! Kosa jingine ni maili. Ukiona Urusi imepewa milioni 6.6, hizo ni maili za mraba: zidisha kwa 2.59 upate milioni 17.1.

Sasa kazi yenyewe. Namba tupu hazikai kichwani, kwa hiyo zigeuze kuwa miraba. Chukua karatasi moja ya fotokopi ya A4, kalamu ya risasi iliyochongwa vizuri, na rula, lati kama tunavyoiita huku. Kipimo ni sentimita 1 kwa kilomita 200. Kwa kila nchi tafuta kipeuo cha pili cha eneo lake (rasini kare), kisha gawa kwa 200. Urusi: kipeuo cha milioni 17.1 ni kama 4,135, gawa kwa 200, upate sentimita 20.7. Upana wa A4 ni sentimita 21, kwa hiyo anzia kwenye kona ya karatasi yenyewe, usiache ukingo, la sivyo Urusi haitaingia. Miraba mingine yote ianzie kona hiyo hiyo, mmoja ndani ya mwingine: Kanada 15.8, Marekani 15.7, Uchina 15.5, Brazili 14.6, Australia 13.9, Uhindi 9.1, Argentina 8.3, Kazakhstan karibu 8.3 pia, Algeria 7.7, Kongo 7.7.

Wengi huharibu hapa kwa kusema Urusi ni mara saba ya Kongo na kuuchora upande wake mara saba. Eneo ndilo mara saba. Upande ni mara 2.7 tu. Ukiurefusha upande mara saba, umechora nchi ya mara 49.

Karatasi ikishakamilika, itazame. Kati ya Australia na Uhindi kuna shimo la karibu sentimita tano: nchi sita ni za daraja lake peke yake, waliobaki ni kundi jingine. Kanada, Marekani na Uchina zimebanana ndani ya milimita tatu, na ndiyo sababu kila kitabu kinazipanga kivyake. Hapo uliza: wamehesabu nini? Kanada ina karibu kilomita za mraba 891,000 za maji ya ndani, karibu Tanzania nzima. Ukihesabu ardhi kavu peke yake, Uchina inakuwa ya pili, Marekani ya tatu, na Kanada inateremka hadi ya nne. Orodha isiyosema kama imehesabu maji haifai kubishaniwa. Algeria na sisi tunatofautiana nusu milimita hivi, ingawa hiyo nusu milimita, kwenye ardhi, ni zaidi ya Rwanda nzima. Rwanda yenyewe ni mraba wa milimita 8; Kivu Kusini peke yake ni milimita 13.

Halafu geukia ramani ya ukutani, maana ndiyo inayotupunja. Pima kwa rula kutoka ikweta hadi latitudo 20, kisha kutoka 60 hadi 80. Kipande cha pili kikiwa mara tatu na zaidi ya cha kwanza, ramani hiyo ni ya Mercator, iliyobuniwa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Iliwasaidia kushika mwelekeo wa dira. Kulinganisha nchi haikuwa kazi yake. Kwenye latitudo 60 inatanua kila eneo mara 4, na kwenye 72, katikati ya Greenland, mara 10 hivi. Lubumbashi haitanuliwi hata asilimia 5. Ndiyo maana Greenland inaonekana kama Afrika nzima, na kumbe ina kilomita za mraba 2,166,086, pungufu ya Kongo. Ongeza mraba wake kwenye karatasi yako: sentimita 7.4. Mwalimu anayefundisha ukubwa wa nchi kwa ramani hiyo bila kusema hili anawafundisha watoto wa Kongo kujiona wadogo, na hilo halivumiliki.

Ukitaka kuhakikisha Kongo kwa mkono wako, tafuta ramani yake ya 1/10,000,000 na uinakili kwenye kaye (daftari) ya karo, yaani vijiraba, za milimita 5. Kila karo ni kilomita za mraba 2,500. Hesabu karo nzima, kisha zilizokatwa na mpaka zihesabu nusu nusu. Jumla ikiangukia kati ya 900 na 980, umefanya vizuri. Hesabu kamili ni 938. Ukipata 1,870 na kitu, mkono wako hauna kosa: ramani ilikuzwa kwenye fotokopi kutoka A4 hadi A3, urefu ukawa asilimia 141 na eneo likazidi maradufu, huku namba ya kipimo iliyoandikwa chini ikibaki ile ile. Siku nyingine, kabla ya kuipeleka kwa mtu wa fotokopi, chora chini ya ramani mstari wa sentimita 5 na uandike juu yake "kilomita 500". Mstari huo utakua na kupungua pamoja na nchi.